Radio ndani ya mutumbwi: kwa nini haishiki habari ya upepo?

Wewe mufanyakazi unayekwenda konji Kalemie, Moba, Pweto ao Kilwa, na wewe unayetupa ndoano siku ya Mungu kwenye ziwa la Tshangalele ao la Nzilo, ukurasa wa usalama ni wako leo. Tumezoea kusema hapa juu ya kofia ngumu, miwani na viatu vya chuma. Leo tunaacha shimo na kushuka majini. Sababu ni hii: mutu anayelindwa na sheria za kazi siku sita anaweza kupotea siku ya saba kwa kukosa habari moja ya dakika mbili, ni kusema, upepo wa leo utakuwa namna gani.

Habari hiyo inatolewa. Kwetu shirika la serikali linaloangalia hali ya hewa linaitwa METTELSAT. Ngambo ya ziwa Tanganyika, shirika la Tanzania linaloitwa TMA linatoa utabiri wa kila siku, pamoja na ule wa maziwa, na radio za kule zinausoma kwa Kiswahili. Wanapotangaza upepo unaopita kilometa 40 kwa saa, ao mawimbi yanayopita mita 2, wanataka wenye vyombo vidogo wasikie na kukaa pwani. Ziwa Tanganyika si dimbwi. Urefu wake unakaribia kilometa 670, na pahali penye kina kirefu zaidi panafika mita 1470. Toka mwezi wa tano mupaka wa tisa upepo wa kusi unatembea juu yake kwa urefu wote, na nguvu yake inazidi kwa sababu hakuna kitu cha kuusimamisha. Toka mwezi wa kumi mupaka wa ine ni zoruba za mvua, ambazo zinashuka milimani gafula. Katika Desemba 2014 chombo kimoja kilichojaa watu na mizigo kilipinduka katika ziwa hilo upande wetu, na zaidi ya watu 120 walikufa. Muzigo ulikuwa muzito kupita kiasi, na upepo ulikuwa mukali. Muzigo unauona kwa macho mbele ya kuondoka, lakini upepo wa jioni huuoni asubui. Lazima mutu akuambie.

Basi watu wengi wamenunua radio ndogo. Na hapo ndipo malalamiko yanaanza. Nyumbani radio inasema vizuri, lakini ndani ya mutumbwi inakoroma, inapiga makelele ao inanyamaza kabisa. Mwenyewe anaitupa chini ya benchi na kusema: «Radio ya siku hizi haina nguvu.» Kiisha anaondoka bila habari. Ndugu, mara nyingi radio haina kosa. Chombo chenyewe ndicho kinachoifunga masikio, na unaweza kujua ni sehemu gani inayofanya hivyo kwa muda wa robo saa, ukiwa ungali umefunga kamba pwani.

Kwanza tazama saa

Kosa linalopatikana sana halina fundi. Ni la saa. Inchi yetu ina saa mbili: Lubumbashi, Kolwezi na Kalemie ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Tanzania iko saa moja mbele ya Kalemie. Zambia na Burundi ziko sawa na sisi. Kwa hiyo habari inayosomwa Tanzania kwa saa 20 utaipata Kalemie kwa saa 19. Tena jua kwamba watu wa Tanzania wanahesabu saa toka macheo ya jua: wakisema «saa mbili usiku», ni saa 20 ya kwao, si saa 2 ya usiku wa manane. Mutu anayefungua radio kwa saa 20 ya Kalemie atakuta wanacheza muziki, na atasema radio haikushika habari. Ilishika, lakini habari ilikuwa imepita saa moja mbele.

Andika saa hizo kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi, kibandike mugongoni mwa radio. Andika vilevile namba ya kituo. Wakati upepo unapovuma na mikono imelowa, si wakati wa kutafuta kituo kwa kuzungusha kifungo.

Jaribu radio peke yake

Ndani ya kazi yetu, elektrisye anayetafuta kosa ndani ya mutambo hafungui kila kitu kwa mara moja. Anakata sehemu zote, halafu anarudisha moja moja, mupaka pale kosa linapojionyesha. Fanya hivyo hivyo.

Chukua radio mukononi, weka mapile mapya, tembea hatua 50 mbali na boti, mbali na nyumba na nyuzi za umeme, na ufungue kituo unachotaka. Ikisema vizuri pale, radio ni nzima na kituo kinafika. Kosa liko ndani ya chombo. Ikikoroma hata pale, usipoteze wakati na motere: kosa liko ndani ya radio, ao ndani ya mapile, ao kituo hakifiki pahali hapo.

Juu ya mapile kuna neno la kusema. Pile moja jipya lina volti 1,5. Mane yanafanya volti 6. Yakishuka kila moja karibu na volti 1, radio ingali inawaka na taa yake ndogo inaonekana, lakini haishiki tena vituo vya mbali, na sauti inavunjika unapoiongeza. Watu wanadanganywa na ile taa. Kuchanganya mapile mapya mawili na ya zamani mawili ni kuharibu pesa, kwa sababu yale ya zamani yanazuia yale mapya. Tunajua pia desturi ya kuanika mapile yaliyochoka kwenye jua. Yanarudia kusema kidogo, ni kweli, lakini yatakufa usiku ule ule, katikati ya maji, na huko hakuna duka. Kuyatupa ndani ya moto ni hatari mbaya zaidi: yanapasuka, na mutoto aliyekaa karibu anapoteza macho.

Fungua kile kisanduku cha mapile na utazame vile vipande vya chuma vinavyoyagusa. Ukiona unga mweupe, pile lilivuja. Kwangua kwa kijiti, panguza kwa kitambaa, kausha, na unawe mikono. Ukiona rangi ya kijani juu ya shaba, wewe mutu wa Kolwezi ao wa Likasi unaijua rangi hiyo kuliko mutu yeyote: ni rangi ya malakiti. Ndiyo, shaba inayokaa ndani ya unyevu inarudilia polepole hali ya jiwe ambalo ulilitoa chini. Lakini jiwe hilo halipitishi umeme. Shaba safi ndiyo inayoupitisha. Kwangua mupaka ing'ae.

Pahali unapoiweka

Sasa ingiza radio ndani ya boti. Motere imezimwa, taa zimezimwa, telefone haimo ndani ya sharjeri. Sikiliza tena.

Ikiwa radio imekufa masikio wakati huo huo, hata bila motere, tazama umeiweka wapi. Unajua kwamba ukishuka shimoni na radio mukononi, sauti inapotea mbele ya kufika chini, kwa sababu mwamba unaifunga. Sanduku la chuma linafanya sawasawa, na vilevile kibanda cha malata cha boti kubwa, na ile pipa wengine wanamoweka vitu ili visilowe. Toa radio inje ya chuma. Ukiogopa maji, iweke ndani ya mufuko wa plastiki unaofungwa vizuri. Plastiki haizuii sauti ya kituo hata kidogo.

Tena ujue antene gani inayofanya kazi. Ukisikiliza FM, ni ule muti wa chuma unaovutwa juu. Mutu akiuvunja, anasema si kitu, radio inaimba tu. Inaimba muji mwake, karibu na munara. Ziwani haitaimba. Badala yake funga waya wa shaba wenye urefu wa sentimeta 75 kwenye kisiki cha antene, ukiwa umeukwangua vizuri, na uusimamishe wima. Urefu huo haukuokotwa: ni robo ya wimbi la FM. Telefone yenye radio FM ndani mara nyingi inatumia waya wa masikio kuwa antene yake. Ukiacha waya nyumbani, telefone haitashika kitu, hata uiinue namna gani.

Ukisikiliza AM, ule muti wa chuma hauna kazi. Antene iko ndani ya radio: ni kijiti cheusi cha ferite chenye waya umezungushwa. Kijiti hicho kinasikia vizuri kwa mbavu zake na vibaya kwa ncha zake. Kwa hiyo zungusha radio polepole mezani kama sindano ya dira, na pahali fulani sauti itapanda. Mutumbwi ukigeuka, nawe geuza radio tena. Wengi wanasema kwamba kituo «kinakuja na kuondoka», kumbe ni mutumbwi unaozunguka.

Kwa SW, waya wa mita 5 ao 6 uliofungwa toka radio kwenda juu ya mulingoti unasaidia sana, ukiwa hauugusi chuma cha chombo pahali popote.

Juu ya FM, na vilevile juu ya radio ya VHF ambayo vyombo vikubwa vinayo, kuna hesabu moja nzuri. Mutoto wako wa sekondari anaijua rasine kare: ya 4 ni 2, ya 9 ni 3, ya 100 ni 10. Chukua urefu wa antene yako juu ya maji kwa mita, tafuta rasine yake, zidisha kwa 4: ni kilometa karibu unazopata upande wako. Fanya vile vile kwa munara wa kituo, kiisha jumlisha. Munara ulio mita 100 juu ya ziwa unatoa kilometa 40. Radio iliyo magotini mwako, mita 1 juu ya maji, inaongeza 4. Jumla 44. Ukiifunga juu ya muti wa mita 4, unaongeza 8, jumla ni 48. Kilometa 4 si nyingi kwa gari, lakini kwa mutu anayepiga kafi ni karibu saa nzima ya kazi. Hesabu hiyo ni ya maji yaliyo wazi. Ukipita nyuma ya rasi ya mulima, FM inaweza kukatika hata kwa kilometa 10, na hakuna fundi atakayekutengenezea mulima. Sogea mupaka uone wazi tena upande wa munara.

Motere inayopiga kelele masikioni

Sasa tunafika kwenye adui mukubwa. Jaribio hili linataka watu wawili: mumoja anasikiliza, mwingine anafungua vitu. Mutoto wa miaka 12 anaweza kusikiliza, na masikio yake ni mazuri kuliko yako wewe uliyekaa miaka 20 karibu na mashini ya kutoboa mawe. Boti ifungwe kwa kamba, na mukia wa motere uwe majini, kwa sababu motere ya inje inapozwa na maji ya ziwa, na ukiiwasha juu ya muchanga itaungua.

Washa taa peke yake. Sikiliza. Zima. Weka telefone ndani ya sharjeri. Sikiliza. Ondoa. Washa motere kwa mwendo mudogo. Sikiliza. Ongeza mwendo. Sikiliza. Kila kitu kina sauti yake ndani ya radio, na ukiijua sauti unamujua mwizi.

Ukisikia tak-tak-tak inayokwenda mbio wakati motere inakwenda mbio, ni cheche za buji. Buji inafanya zoruba ndogo kila mara inapowasha esanse, na radio inaisikia. Motere ya mazuti haina buji, basi ukisikia tak-tak namna hiyo kwenye chombo cha mazuti, tafuta pahali pengine. Dawa yake ni buji yenye rezistansi ndani. Mara nyingi namba yake ina herufi R. Mwambie makanika akupe ile inayolingana na motere yako, kwa sababu buji isiyo ya kipimo chake inaharibu motere. Usitoe kofia ya buji wakati motere inazunguka ili «kujaribu». Umeme wake unafika maelfu ya volti, na mutu anayerushwa nao anaweza kuanguka majini.

Ukisikia sauti nyembamba kama ya mbu, inayopanda pamoja na mwendo, ni mutambo unaojaza batri. Hiyo inapita ndani ya nyuzi. Ikiwa radio yako inakula umeme wa batri ya boti, itoe huko na uitie mapile yake yenyewe. Mara moja utajua. Ukitaka kabisa kutumia batri ya volti 12, peleka nyuzi mbili za radio moja kwa moja kwenye batri, si kwenye nyuzi za motere, uzisokote pamoja kama kamba, na utie fizibu karibu na batri.

Ukisikia muvumo ambao haubadiliki, motere iende mbio ao isimame, tazama ampule za LED na sharjeri ya telefone. Hivi ni vitu vya siku hizi, na vingi vya bei ndogo vinatupa makelele pande zote. Sharjeri moja mbaya inaweza kufuta kituo kimoja na kuacha kingine jirani kikisema vizuri, ndiyo sababu watu hawaifikirii. Hakuna ujuzi wa kutengeneza hapo: itoe wakati wa habari.

Ukisikia kra-kra wakati wimbi linapogonga boti tu, ni waya iliyolegea ao kiungo chenye kutu. Tikisa nyuzi moja moja kwa kidole, motere ikiwa imezimwa, mupaka kra-kra ijitokeze chini ya kidole chako. Na radio ikizimika unapowasha motere, umeme wa batri unaanguka. Batri nzima iliyopumzika inaonyesha volti 12,6 ao zaidi kidogo. Ikionyesha 12 tu, karibu imekwisha, na siyo radio tu itakayokuacha, hata motere itakuacha. Kaza vichwa vya batri. Lakini mbele ya kugusa kichwa cha batri, fungua vifuniko vya boti na uache upepo upite, kwa sababu cheche moja penye harufu ya esanse ni moto.

Tumeandika dawa hizi kwa wale wanaopenda kutengeneza. Kwa mawazo yetu dawa iliyo bora haina bei: wakati wa habari, zima motere dakika tano. Radio itasema kama nyumbani. Ufanye hivyo pahali ambapo upepo haukusukumi juu ya mawe na mbali na njia ya meli, na uwashe motere tena mbele ya kuendelea na maneno mengine. Tunashangaa kuona watu wenye kutumia pesa ya juma zima kwa kununua radio kubwa zaidi, wakati ile ndogo ilitaka kimya tu.

Makelele mengine si kosa

Kuna makelele moja ambayo hatutaki uyatengeneze. Ukifungua AM pale chini ya namba, karibu na 530 ao 600, pahali pasipo na kituo, na ukisikia kra... kra-kraa... isiyofuata motere wala mawimbi ya maji, na inayoendelea hata ukizima kila kitu, ni radi. Kila radi inapopiga inatupa sauti yake ndani ya AM, na radio ndogo inaisikia mbali sana mbele ya sikio lako kusikia ngurumo. Kwa FM haisikiki vizuri, basi usitumie FM kwa jambo hilo.

Usiku maana yake ni zaifu, kwa sababu usiku AM inaleta sauti za mbali sana, na radi hiyo inaweza kuwa inapiga inchi nyingine. Muchana ni neno lingine. Ukisikia kra-kra muchana, na kila robo saa zinazidi kuwa nyingi na zenye nguvu, zoruba iko na inakua ao inakuja. Radio yako haikukuambia jina la kituo, lakini imekupa habari uliyoitafuta. Geuza mutumbwi.

Ukikwisha kuona mwanga wa radi kwa macho, hesabu sekunde mupaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilometa 10, na wewe uliye juu ya maji ndiwe kitu kirefu cha pahali pale. Teremsha antene, ondoa ule waya wa mulingoti kwenye radio, usiishike mukononi, na ufike pwani kwa njia fupi. Na toka wakati huo usitafute habari tena.

Ukikosa kabisa

Itatokea kwamba umefanya yote na bado husikii. Mulima uko mbele yako, ao kituo hakikutangaza siku hiyo. Hapo watu wanakosea kwa namna moja: wanachukua kimya kama ruhusa. Wanasema, «kama kungekuwa na hatari wangesema.» Pengine walisema, na wewe ndiwe hukusikia. Ukikosa habari, shika ile ya zamani kuwa imekwisha, na ufanye kama vile ungefanya shimoni pale kipimo cha hewa mbaya kinapokufa: huingii, unatoka.

Mama unayebaki nyumbani, kuna sehemu yako hapa. Radio ya nyumbani haina motere karibu nayo, na inasimama juu kuliko ile ya ziwani. Kama bwana anaondoka alfajiri, sikiliza wewe habari ya usiku, uandike mambo matatu tu: upepo unatoka wapi, nguvu yake ni kilometa ngapi kwa saa, mawimbi ni mita ngapi. Wakitumia neno «noti», zidisha kwa 1,85 upate kilometa: noti 20 ni kilometa 37. Mupe karatasi hiyo mukononi mbele hajafungua kamba. Telefone inasaidia pia, lakini kwenye maji mengi rezo inaisha mbele ya kufika pahali samaki walipo. Kwa hiyo mupatane saa ya kurudi na mutu wa pwani anayeijua. Saa hiyo ikipita, yeye ndiye atakayewaita watu wa muji ao wa bandari, bila kungojea giza.

Wale wanaofanya kazi baharini wana vyombo vilivyo bora. Kuna mutambo unaoitwa NAVTEX unaoandika wenyewe habari ya hewa kwa namba 518 kHz, na katika Marekani kuna mistari saba ya VHF, toka 162,400 mupaka 162,550 MHz, inayosema habari ya hewa muchana na usiku bila kunyamaza. Lakini ukimuuliza fundi wa huko, atakuambia kwamba malalamiko anayopokea ni yale yale: waya yenye kutu, antene ndani ya chuma, taa ya LED karibu na radio. Maziwa yetu hayana mitambo hiyo kila pahali, basi ile radio ndogo ndiyo inayobeba kazi yote.

Kwa safari, tia ndani ya mufuko mumoja wa plastiki: radio, mapile mapya ya akiba ambayo hayakufunguliwa, waya wa sentimeta 75, kipande cha karatasi ya kukwangulia kutu, kitambaa kikavu, na ile karatasi yenye saa na namba za vituo. Mufuko ufungwe na kamba kwenye benchi, si chini penye maji ya kumwaga. Na jile ya kuokolea isifungwe pamoja na mufuko huo: hiyo inakaa mwilini mwako toka kamba inapofunguliwa, hata wakati ziwa limelala kama mafuta.